Pipa la Kijani la Diwani

Jumanne, 4 Novemba 1997

Hoteli tisa leo. Migori, mtaa wa stendi, kutoka chini mpaka juu. Nimeandika "safi" mara tisa, kwa mwandiko wangu ule mzuri. Uongo mtupu. Kuna jiko moja mende walisimama kando kunipisha.

Sheria inasema kila hoteli iwe na pipa lenye mfereji, mteja anawe kwa maji yanayotiririka, si watu kumi kutumbukiza mikono kwenye karai moja mpaka maji yanakuwa mchuzi. Sheria nzuri. Mtaa mzima una pipa moja. La Diwani, mwenye hoteli ya kwanza pale chini. La kijani, limebonyea ubavuni kama limepigwa teke na punda. Mimi nikiwa kwake natia sahihi, pipa linatokea mlango wa nyuma, linapanda mkokoteni, linakwenda kuningoja hoteli ya pili. Nikifika nalikuta limetulia, utadhani limezaliwa hapo. "Pipa letu hilo, Bwana Afya." Letu! Tangu Machi naliona. Leo hoteli ya tano nimelisalimia: habari ya safari? Mwenye hoteli alicheka kwa hofu, kama mbuzi.

Wanadhani mimi mjinga. Mimi niliyekuwa turnboi, msaidizi wa dereva wa lori, Mombasa mpaka Kigali. Nimekula sahani za nchi nne na tumbo halijaniendesha hata siku moja. Nawaacha tu. Ni sinema ya bure kila Jumanne.

Hoteli ya tisa ni ya Mama Bhoke. Hapo sikagui, hapo nakula. Nyama ya kuchemsha na ugali wa wimbi. Jikoni kwake unaweza kulaza mtoto mchanga sakafuni. Pipa hana. Ana jagi la maji aliyochemsha mwenyewe, na anakumiminia kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Odongo, fundi viatu anayekaa mlangoni pake, anasema kwa huyo mama hata nzi huvua viatu.

Jumatano, 5 Novemba

Bwana Mkubwa ameniita ofisini. Kijana wa diploma, tai ndefu mpaka inaloa kwenye chai. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini huyu ukimwambia mchuzi umechacha anatafuta kwanza ukurasa. Leo ana waraka. Kipindupindu kimeonekana vijiji vya ziwani. Jumanne ijayo atapita hotelini mwenyewe. Isiyo na pipa la mfereji, kufuli, mpaka ugonjwa uishe. Uishe lini? Labda Krismasi. Labda Pasaka.

Nikamuuliza: na yule anayemimina kwa jagi, maji ya kuchemsha?

"Waraka unasema pipa."

Waraka! Umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kunawa nje ya nyumba yake.

Wengine watahangaika, watapata. Mama Bhoke akifungiwa hata mwezi mmoja, amekwisha. Mjane, watoto wanne shuleni. Shamba la Kegonga shemeji zake walilichukua kabla udongo wa kaburi haujakauka, yeye wakamfukuza. Hiyo hoteli ndiyo mume, ndiyo shamba. Sitaki kuliwaza hili jambo. Nimeliwaza mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Fundi wa kuchomea mapipa ana oda za mji mzima. La Mama Bhoke, wiki tatu. Nikamwambia mimi ni nani. Akasema anajua mimi ni nani. Wiki tatu.

Jitu halina adabu.

Mama Bhoke nilipomwambia hakulia. Aliniongeza nyama. Ningependa angelia.

Jumapili, 9 Novemba

Wasabato walisali jana, Wakatoliki tumesali leo, wote tukapeana mikono ya amani bila kunawa, halafu tukatawanyika kwenda kula. Mimi peke yangu ndiye niliyeliona hilo. Kazi hii inaharibu ibada.

Lakini kwenye mahubiri nimepata akili. Hoteli zote sasa zina mapipa isipokuwa moja. Wengine wamenunua, wengine wameazima kwa ndugu. Bwana Mkubwa ataanza chini kama kawaida. Akishaliona pipa la Diwani, lile la kijani linapita njia ya nyuma moja kwa moja mpaka juu kwa Mama Bhoke. Ubavu uliobonyea tunauelekeza ukutani. Nimeongea na meneja wa Diwani. Alitaka kuringa, nikamkumbusha mende wake kwa majina. Amekubali.

Kama ningesoma, ningekuwa waziri.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeushinda waraka! Niandike yote kabla sijasahau.

Saa mbili asubuhi, tunatoka ofisini, Bwana Mkubwa anavaa miwani na kusema, "Leo tuanzie juu." Juu! Kwa Mama Bhoke! Moyo ulidondoka mpaka kwenye soksi. Nikashika tumbo, nikasema linaendesha, nipe dakika kumi. Katika mji unaongoja kipindupindu! Bwana Mkubwa aliruka nyuma hatua tatu, akaniambia nichukue hata ishirini.

Nikakimbia kwa Diwani, uani. Pipa limejaa mpaka shingoni. Atieno, mwosha vyombo, ndiye aliyekuwa analijaza kwa kopo, kisha akachuchumaa kwenye ua, uso kama majivu. Nikamwuliza, "Nyathina, mtoto wangu, umekesha disko gani?" Akasema ni tumbo tu. Meneja akamfokea aamke. Mwenye mkokoteni akauliza kama tumwage maji kwanza, pipa liwe jepesi. Nikasema hakuna wakati, twende hivyo hivyo. Nikasukuma mwenyewe. Mimi, na shati jeupe.

Mama Bhoke hakufurahi.

"Jagi langu lina ubaya gani, baba?"

"Halina ubaya. Lifiche chini ya meza."

Akalificha.

Bwana Mkubwa alifika, akaona pipa, akafungua mfereji, akafunga, akafungua. Utadhani amegundua mvua. Akamwambia Mama Bhoke aoshe nyanya za kachumbari hapo hapo aone. Akaziosha. Mzee Odongo naye, mwenye sifa, akaja kunawa mbele ya serikali, akasukutua na mdomo, akatema kwa madaha. "Tunanawa kizungu sasa!" Tulicheka wote.

Mama Bhoke: amepita. Hoteli zote tisa: zimepita. Pipa likarudi kwa Diwani tukiwa hoteli ya sita, na Bwana Mkubwa akalisifu tena kama hajawahi kuliona maishani. Diploma!

Sikula kwa Mama Bhoke. Nilisherehekea kwingine, na soda mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Bwana Mkubwa amenipongeza mbele ya karani. Amenituma Homa Bay kesho kuchukua klorini. Niliyemhadaa ndiye anayeniamini. Imenisumbua kidogo tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Homa Bay. Nilifanya kazi hapa kabla ya kuhamia Migori na watu wake hawajabadilika, bado wanatembea kama barabara ni yao kwa urithi. Mwenye stoo amekwenda mazishini na ufunguo. Klorini ya wilaya nzima iko mfukoni mwa mtu anayekula ng'ombe wa matanga. Nikangoja mpaka saa kumi. Akaja, ameshiba, akaanza kuniuliza barua. Nikamtukana kwa Kijaluo, Kiswahili na Kinyarwanda kidogo nilichonacho. Akanipa madebe matatu.

Nimelala Rodi Kopany. Hapa watu wananawa kwenye karai, mzee kwanza, mtoto mwisho. Niliwahubiria kipindupindu mpaka mwenye hoteli akaniomba nilipe niende.

Ijumaa, 14 Novemba

Mzee Odongo amekufa. Alfajiri. Nimefika Migori saa nne, na madebe yangu mikononi, wakaniambia stendi.

Watu wanane wako hospitalini, kwenye hema. Wote walikula kwa Mama Bhoke Jumanne. Yeye ni mmoja wao. Mlango wake una kufuli ya kanjo, baraza la mji, na karatasi yenye sahihi ya Bwana Mkubwa.

Siwezi kula.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekwenda hemani. Yuko kwenye dripu. Macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Daktari anasema atapona. Mtoto wake mkubwa alikuwa nje, hawamruhusu kuingia. Nikamnunulia mandazi, nikakumbuka, nikayatupa, nikampa ndizi.

Mama Bhoke aliniuliza kitu kimoja tu, sauti kama uzi: "Wamefunga?"

Nikasema ni kwa muda.

Uongo. Bwana Mkubwa amemaliza ripoti. Chanzo: hoteli ya Mama Bhoke. Jumatano kamati ya kanjo inakaa kufuta leseni yake moja kwa moja. Na huko stendi wameshatoa hukumu yao. Wanasema yule Mkuria ametuletea ugonjwa kutoka mpakani. Watu ambao jana walikuwa wanalamba vidole kwake! Hajavuka hata daraja tangu Agosti. Nimewaambia. Mmoja akaniuliza kwa nini natetea, kwani ni mke wangu? Watu wa mji huu hawana kichwa, wana kofia tu.

Mimi nilimwambia alifiche jagi.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda uani kwa Diwani. Hoteli imefunguliwa, imejaa, chapati zinaruka. Atieno hayupo. Meneja: amekwenda matanga. Matanga ya nani? Meneja hajui.

Nikamfuata mwenye mkokoteni. Yeye hana siri, ana tumbo tu, nikamlisha. Atieno anaharisha tangu Jumatatu iliyopita. Meneja amemficha chumba cha nyuma nyumbani kwake asije akaonekana. Jumatatu. Siku moja kabla ya pipa. Alikuwa analijaza kwa kopo, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko.

Nilikwenda nikabisha kwa meneja mpaka majirani wakatoka. Atieno alikuwa sakafuni, mdomo umekauka. Ana miaka kumi na tisa, si mzito kuliko nusu gunia la mkaa. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni ule ule. Meneja alitufuata nyuma akinitisha na jina la Diwani. Nikamwambia alete na pipa.

Sasa najua. Na mimi ndiye pekee ninayejua kila kitu. Nikinyamaza, kazi yangu ipo, na Mama Bhoke ndiye aliyemwua Mzee Odongo. Nikisema, nimejiua mwenyewe: tangu Machi nimeandika "safi" nikicheka. Ningemwaga yale maji. Dakika tatu tu. Nilikuwa na haraka ya kuwa mjanja.

Mimi ni mwoga. Nimeandika ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vizuri kabisa.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeandika kurasa mbili nikampelekea Bwana Mkubwa. Alisoma amesimama. Kisha akakaa. Kisha akavua tai, kitu ambacho sijawahi kuona.

"Ulijua tangu lini?"

"Machi."

"Na Jumanne, tumbo lile?"

"Lilikuwa zima."

Nilingoja matusi. Ninayajua ya nchi nne, nilikuwa tayari. Hakutukana. Alisema yeye mwenyewe aliliona pipa lililobonyea mara mbili siku ile, akajiambia pengine yanatengenezwa hivyo. Aliona aibu kuuliza mbele yangu. Kisha akaenda hospitali kwa miguu kufuata kipimo cha Atieno.

Nimemdharau huyu kijana miezi minane. Leo nimekosa pa kushikia dharau yenyewe.

Jumanne, 18 Novemba

Hakuna ukaguzi. Nimekwenda hemani tena. Dripu imetolewa, anakaa. Nilimwambia yote: Atieno, kopo, haraka yangu. Nilitaka kuongeza kwamba nilikuwa namsaidia. Nikaliacha.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia nina jagi."

Akageukia upande wa turubai.

Jumatano, 19 Novemba

Kamati. Watu saba mezani, Diwani wa tatu kutoka kushoto, suti ya kijivu, maji ya chupa mbele yake. Ya chupa! Wenzake walikuwa na jagi la kanjo. Yeye anajua kinachoendelea mjini.

Bwana Mkubwa alisoma ripoti mpya. Alisoma mpaka nukta ya mwisho. Kipimo cha Atieno ni kipindupindu. Aliugua kabla ya wote. Kisha wakaniita.

Nilisema. Machi, pipa, mkokoteni, tumbo la uongo, maji ambayo sikumwaga. Nilipofika kwa Mzee Odongo alivyosukutua mdomo, niliangalia dari kwanza, kisha nikaendelea.

Diwani hakukasirika. Alitabasamu. "Waheshimiwa, huyu ni mtu wa tumbo. Huyo mwanamke amemlisha mpaka akili imekuwa supu."

Wakacheka. Mtu amekufa na wazee wazima wanacheka.

Nikamwambia, "Kweli, jaduong', mzee wetu, amenilisha. Na wewe umenilisha. Ndiyo maana kwako niliandika safi miezi minane, na mende wako wana vitambi."

Hawakucheka tena. Mmoja alikohoa. Mwenyekiti akasema tuwe na heshima.

Maamuzi: leseni ya Mama Bhoke haifutwi. Atafungua akipona, jiko likishanyunyiziwa dawa. Hoteli ya Diwani inafungwa wiki mbili. Wiki mbili! Kwa mtu aliyekuwa anamficha mgonjwa chumbani kama mahindi ya magendo. Neno Mkuria halikutajwa, wala hakuna aliyesema pole. Mimi nimesimamishwa kazi kuanzia leo, barua ya kufukuzwa inafuata. Karani aliniomba kalamu ya ofisi. Nikampa. Kisha akaniomba na kifuniko.

Mlangoni Bwana Mkubwa alinipa mkono. Alikuwa ametoka kunawa, bado umelowa.

Jumatatu, 24 Novemba

Mazishi ya Mzee Odongo, kwao, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Watu wa Afya wamekataza kula pamoja matangani, kwa hiyo kila mtu alikuwa mkali. Mjaluo ukimnyima chakula cha mazishi umemwua mara ya pili. Nikasimama mbele yao, bila kazi, bila cheo, nikawaambia ni kweli, wasile. Mtoto wake wa kiume akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye niliyeleta maji.

Nilidhani watanipiga. Mama mmoja mzee akaniambia niondoke polepole, nisikimbie, watoto watadhani ni mchezo wanifuate. Niliondoka polepole.

Jumanne, 2 Desemba

Mama Bhoke amefungua jana. Leo nimepita saa saba, upande wa pili wa barabara. Moshi unatoka. Watu walikuwa wanaingia, si wengi, lakini wanaingia. Hata yule wa stendi, aliyeniuliza kwa nini natetea, alikuwa ndani, anakula kama ametoka jela. Amekonda mama yule, leso imemzidi. Mtoto wake mkubwa alikuwa anapanga sahani.

Aliinua macho akaniona. Hakuniita. Hakunifukuza pia. Akainamia sufuria.

Nimenunua sukuma wiki, kitunguu na unga, nikaazima jiko kwa jirani. Miaka kumi na moja nimekagua sufuria za watu na sijawahi kupika hata yai. Ugali umetoka na madonge. Sukuma imeungua chini, juu mbichi. Jirani alichungulia dirishani akauliza ni nini kinachoungua. Nikamwambia ni chakula. Akasema haya.

Nimekula chote. Kesho nitajaribu moto mdogo.